Vidonge vya Antioksidanti

Vidonge vya antioksidanti ni virutubisho vya nyongeza vyenye beta-karotini, vitamini C, vitamini E, seleniamu au mchanganyiko wake, vinavyouzwa kwa ahadi ya kukinga saratani, maradhi ya moyo na uzee. Ahadi hiyo ilianzia katika sayansi halali. Mwaka 1956 Mmarekani Denham Harman alieleza kuwa mwili huzeeka kwa kuharibiwa na radikali huru, yaani molekuli zenye elektroni isiyo na mwenzake, ambazo huzaliwa seli zinapotumia oksijeni. Antioksidanti huzituliza. Tena ilikwisha kuonekana kwamba walaji wazuri wa mboga na matunda hupata saratani ya mapafu kwa nadra, na mwaka 1981 Richard Peto na wenzake wakauliza katika jarida la Nature iwapo beta-karotini ndiyo inayowakinga.

Jibu lilitoka Ufini. Kuanzia 1985 hadi 1993, wanaume 29,133 wavutaji sigara, wenye umri wa miaka 50 hadi 69, waligawanywa kwa bahati nasibu: wapo waliopewa kila siku miligramu 20 za beta-karotini, wengine miligramu 50 za vitamini E, wengine zote mbili, na wengine kidonge kisicho na dawa. Matokeo yalipochapishwa mwaka 1994, waliomeza beta-karotini walikuwa wamepata saratani ya mapafu kwa asilimia 18 zaidi, na vifo vyao vilizidi kwa asilimia 8. Vitamini E haikuwakinga na saratani hiyo. La kuzingatia zaidi ni kwamba, katika jaribio hilohilo, wanaume walioanza wakiwa na beta-karotini nyingi mwilini kutokana na chakula walikuwa na hatari ndogo. Huenda basi beta-karotini ilikuwa dalili tu ya mlo mzuri, na kinga ikatoka kwenye mlo wenyewe.

Wapo waliodhani matokeo hayo ni ya bahati mbaya. Mwaka 1996 jaribio la CARET la Marekani, lenye watu 18,314 waliovuta sigara au kufanya kazi penye asbesto, lilisitishwa kabla ya muda wake: waliopewa beta-karotini pamoja na vitamini A walipata saratani ya mapafu kwa asilimia 28 zaidi. Jaribio la SELECT, la wanaume zaidi ya 35,000, lilionyesha mwaka 2011 kwamba vitamini E peke yake iliongeza saratani ya tezi dume kwa asilimia 17.

Sababu ya madhara hayo haijathibitika, lakini radikali huru si uchafu mtupu. Chembe nyeupe za damu huzitumia kuua vijidudu, na misuli huzihitaji ili inufaike na mazoezi. Mwaka 2014 watafiti wa Sweden waliona vitamini E ikiharakisha uvimbe wa saratani katika mapafu ya panya. Inaelekea seli zenye saratani nazo hupata ulinzi wa antioksidanti.

Faida ipo pale penye upungufu au ugonjwa maalumu. Huko Linxian, China, ambako lishe ilikuwa duni, mchanganyiko wa beta-karotini, vitamini E na seleniamu ulipunguza vifo kwa asilimia 9. Mchanganyiko mwingine wenye zinki hupunguza kasi ya ugonjwa wa macho unaoharibu kitovu cha retina uzeeni. Mwaka 2013 utafiti uliunga mkono kuondoa beta-karotini humo na kuweka luteini na zeaksanthini, kwa ajili ya usalama wa waliowahi kuvuta sigara.

Matone ya vitamini A wanayopewa watoto wa miezi 6 hadi 59 nchini Tanzania na Kenya ni jambo jingine kabisa. Hayo huziba upungufu unaopofusha macho na kudhoofisha kinga, na habari za Ufini zisimfanye mzazi yeyote amzuie mwanawe kuyapata.