Turbo katika Hewa Nyepesi ya Meru

Turbo, yaani kifaa kinachotumia nguvu ya moshi utokao kwenye injini kusukumia hewa zaidi ndani ya silinda, ilipewa hataza kwa jina la Mswisi Alfred Büchi mwaka 1905, lakini thamani yake ilidhihirika milimani mwaka 1918, Sanford Moss alipoijaribu kwenye kilele cha Pikes Peak, Marekani, mita 4,300 hivi juu ya usawa wa bahari.

Thamani hiyo inakigusa kijiji cha Nkoaranga na miteremko yote ya Mlima Meru, Tanzania, kwa kuwa hata Arusha mjini, penye mita 1,400 hivi, kanieneo ya hewa ni takriban asilimia 85 tu ya ile ya pwani. Hata mbio za magari za Safari, zilizoanza mwaka 1953 zikipita Kenya, Uganda na Tanganyika, zilitawaliwa na Toyota Celica yenye turbo mwaka 1984, 1985 na 1986, ushindi ambao kwa haki ni wa uimara kuliko wa kasi.

Kompyuta ya injini ilipoenea, mafundi walipata kumbukumbu za presha, joto na mchanganyiko wa hewa na petroli. Hata hivyo, kumbukumbu hizo hubeba kile tu ambacho vihisio hupima: kihisio kimoja cha moshi hutoa wastani wa silinda zote, hivyo silinda moja yenye upungufu wa petroli hufichika, na turbo inayolazimika kuzunguka kwa kasi zaidi mlimani ili kufikia presha ya pwani haionekani, maana magari mengi hayana kihisio cha mzunguko wake. Fundi makini, kwa hiyo, bado hufungua plagi na kuzikagua moja baada ya nyingine.