Sauti Isiyo na Leseni

Serikali ishikapo peke yake ufunguo wa nyumba ya maneno, haijui ni wangapi wasimamao nje wakingoja kusema. Historia ya redio nchini Ayalandi ni ushahidi wa jambo hili, na kazi ya mtangazaji Dave Fanning ni mfano wake ulio wazi.

Utangazaji wa taifa hilo ulianza Dublin tarehe 1 Januari, 1926, na kwa zaidi ya miaka 60 haki ya kutangaza ilikuwa mkononi mwa dola. Kurusha sauti hewani pasipo leseni kulikuwa kosa. Mitambo iliweza kutwaliwa na mwenyewe kushitakiwa. Lakini vijana wa miaka ya 1970 walikuwa na kiu ya muziki wa roki, na redio ya taifa iliwapimia kwa kijiko. Wakatokea watu waliosimamisha mitambo yao wenyewe na kutangaza bila ya idhini. Hao waliitwa maharamia.

Fanning, aliyezaliwa Dublin mwaka 1956, alianzia kwao: kwanza Radio Dublin, kisha Big D. Tarehe 31 Mei, 1979, shirika la taifa, RTÉ, lilifungua idhaa ya pili kwa ajili ya vijana. Likahitaji watangazaji walioyajua masikio ya vijana, likawachukua watu waliotoka kwa maharamia, Fanning na Gerry Ryan miongoni mwao. Mwaka huo huo kundi changa la U2 lilipotoa santuri yake ya kwanza yenye nyimbo tatu, wasikilizaji wa Fanning ndio waliochagua wimbo wa kutangulia. Baadaye kundi hilo lilijulikana duniani kote.

Yuko atakayesema kuwa mvunja sheria hastahili tuzo. Neno hili lina uzito, kwani nafasi hewani ni chache, na wote wakisema pamoja pasipo mpango hakuna asikikaye. Lakini sheria ile ilifunga mlango bila ya kuacha njia ya kubisha hodi. Bunge lenyewe lilikiri hivyo kwa tendo. Sheria za mwaka 1988 ziliwazidishia maharamia adhabu, na papo hapo zikaruhusu vituo vya watu binafsi, ambavyo vilianza kutangaza mwaka 1989.

Kosa la maharamia liliandikwa katika vitabu vya sheria. Haja iliyowazaa nayo iliandikwa, ingawa kwa kuchelewa, katika vitabu hivyo hivyo.