SHOKAPU ZA BODABODA NAZO ZINA UKOO: KWA NINI YA SANLG INAINGIA KWENYE T-BETTER, BOXER INAGOMA?

Leo tuwapumzishe mastaa wa Bongo Fleva, tuongelee watu ambao majina yao hayaandikwi popote: mafundi pikipiki wa Mbagala, Tandika mpaka kule Bunju. Hawa jamaa wanaijua historia ambayo shuleni hatukufundishwa.

Iko hivi. Mwaka 1976 Honda ya Japani ilitoa CG125, pikipiki iliyoundwa makusudi kwa nchi kama zetu: mzigo mkubwa, barabara mbovu, oili inabadilishwa siku mwenyewe akikumbuka. Baadaye viwanda vingi vya China vikaiga muundo ule. Ndiyo maana bodaboda zilipoanza kushika kasi Dar, pikipiki nyingi za Kichina kama SanLG, T-Better na Fekon zilikuwa na majina tofauti ila damu moja. Mafundi wakashtuka mapema: shokapu ya mbele ya hii mara nyingi inakaa kwenye ile.

Boxer sasa ni habari nyingine. Hiyo ni ya Bajaj ya India, waliowahi kushirikiana na Kawasaki tangu miaka ya 1980. TVS nao walikuwa na Suzuki mpaka walipoachana 2001. Koo tofauti, vipimo tofauti.

Shida inakuja kwa dereva wa mkataba. Shokapu imepinda, hela haitoshi, na jioni bosi anataka hesabu yake. Anamwambia fundi, "Kaka, weka yoyote nirudi kijiweni."

Fundi anayejielewa hakubali kirahisi. Anapima kwanza unene wa bomba, maana likipishana hata milimita moja, bano la juu halilishiki vizuri. Anapima urefu na tundu la ekseli. Akibadilisha, anabadilisha kulia na kushoto, na oili anaweka sawa pande zote.

Halafu kuna kitu wengi hawakijui. Kwenye breki ya drum, ile sahani ya breki ina mfereji unaokaa kwenye jino la shokapu. Jino lisipoingia, ukikamata breki sahani nayo inataka kuzunguka na tairi. Tairi linaweza kujifunga ghafla, mkaruka wewe na abiria wako.

Sasa ajali ikitokea, wote tunasema "alikuwa anakimbiza." Inawezekana kweli. Lakini hakuna anayeuliza ile shokapu ilitoka ukoo gani, na nani aliipima.

Kwa hiyo fundi akikwambia "hii haiingii, subiri kesho," usimuone mbabaishaji. Hesabu ya siku moja bosi atakudai na utamlipa. Mguu haulipiki.

Haya, madereva na mafundi mpo? Ya kwako ina shokapu za ukoo gani? Funguka hapo chini.