Kiwanda Bukavu, Mamlaka Goma

Kupotea kwa kazi katika viwanda vya vyakula na vinywaji vya Kivu hakuelezeki kwa hesabu za soko peke yake. Kiwanda cha sukari cha Kiliba, karibu na Uvira, kilisimama mwaka 1996 vita vilipoingia katika eneo hilo. Kiwanda cha bia cha Bralima mjini Bukavu, kilichokuwa chini ya kampuni ya Heineken ya Uholanzi, hakikufungwa wakati huo; waliopungua ni wafanyakazi wake. Kisa chao kinaonyesha jinsi Goma ilivyohusika na riziki ya watu wa upande wa pili wa ziwa.

Mwezi wa Agosti 1998 kundi la RCD lilianza vita dhidi ya serikali ya Laurent-Désiré Kabila, na Goma ikawa makao yake makuu. Kundi hilo liligawanyika mwaka 1999, lakini tawi la Goma liliendelea kuitawala miji ya Kivu kama Bukavu hadi serikali ya mpito ya mwaka 2003. Katika kipindi hicho wafanyakazi 168 wa Bralima waliachishwa kazi. Wao walidai kwamba waliachishwa isivyo haki, kwa ushirikiano baina ya kampuni na watawala wa Goma. Hapa maneno yana uzito. Mwajiri husema "kupunguza wafanyakazi", naye aliyetolewa husema "kufukuzwa". Neno la kwanza huomba idhini ya mamlaka. La pili huuliza kama mamlaka yenyewe ni halali.

Swali hilo lilisikilizwa mbali na Kivu. Desemba 2015 wafanyakazi hao walipeleka malalamiko mbele ya ofisi ya serikali ya Uholanzi inayosimamia miongozo ya OECD kwa makampuni ya kimataifa. Maafikiano yalitangazwa Agosti 2017, miaka 14 baada ya utawala ule kumalizika.

Mwaka 2025 waasi wa M23 waliiteka Goma mwishoni mwa Januari, na Bukavu katikati ya Februari. Mwezi wa Juni Heineken ilitangaza kwamba watu wenye silaha wameshika majengo yake katika miji hiyo, nayo imewaondoa wafanyakazi waliosalia. Shughuli zake huko zilikuwa zimewapa kazi watu wapatao 1,000, wakiwamo wale wasioajiriwa nayo moja kwa moja.

Katika visa hivyo viwili, wanywaji hawakukosekana. Kwa hiyo anayeandika historia ya kazi katika Kivu hana budi kuuliza, kabla ya kutazama bei na faida, ni nani aliyekuwa na uwezo wa kutia saini.