Chakula cha Kuku wa Nyumbani

Ewe kijana usomaye, ukipata nafasi ya kufika Rongai asubuhi na mapema (nasema Rongai ya Nakuru, iliyo kiasi cha kilomita 30 magharibi ya mji huo, wala si Ongata Rongai iliyo karibu na Nairobi), simama kidogo kando ya ua wa nyumba yoyote utazame. Mama wa nyumba atatoka na bakuli mkononi, ataita, na kuku watamjia mbio kutoka chini ya ghala, penye mabua na nyuma ya jiko. Atawatupia alichonacho: punje za mahindi zilizovunjika, ukoko wa ugali wa jana, majani ya sukuma wiki yaliyotobolewa na wadudu. Jambo hili ni dogo, na wengi hulipita bila kulitupia jicho. Lakini katika bakuli lile mna historia ndefu, tena mna hatari moja ambayo yakupasa kuijua.

Asili ya kuku ni ndege wa mwitu wa kusini-mashariki ya Asia. Wataalamu waliotangaza uchunguzi wao mwaka 2022 walieleza kwamba mifupa ya kale kabisa ijulikanayo kwa hakika kuwa ya kuku wa nyumbani ni ile ya Ban Non Wat, katika nchi ya Thailand, yenye umri wa kati ya mwaka 1650 na mwaka 1250 kabla ya Kristo. Kwa maoni yao, kilichomvuta ndege huyo kwa watu ni nafaka. Watu walipolima mpunga na nafaka nyingine ndogo, punje zilizomwagika zilimtoa mwituni. Basi punje ndiyo iliyofunga mapatano ya kwanza kati ya kuku na mwanadamu.

Wahenga husema, kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Kwetu Afrika ya Mashariki kuku mwenyewe alikuwa mgeni. Mifupa yake imefukuliwa Shanga, katika kisiwa cha Pate, na Unguja Ukuu, miji ya pwani iliyofanya biashara na ng'ambo ya bahari zaidi ya miaka 1,000 iliyopita. Mahindi nayo, ambayo leo twayadhani kuwa chakula chake cha tangu na tangu, ni mageni pia, kwani asili yake ni bara la Amerika. Wageni hawa wawili walikutana kwetu, wakazoeana, hata leo ni vigumu kumfikiri mmoja pasipo mwenzake.

Katika Bonde la Ufa mkutano huo ulikuwa na uchungu wake. Nchi hii ilikuwa malisho ya ng'ombe wa Wamaasai mpaka mapatano ya mwaka 1904 yalipowahamisha wengi wao kwenda Laikipia, na ardhi ikagawiwa walowezi wa Kizungu. Reli ya kwenda Eldoret, iliyofika huko mwaka 1924, ilipita Rongai, na mashamba makubwa ya mahindi na ngano yakapata njia ya kupelekea mazao sokoni. Watu waliolima mashamba hayo waliitwa maskwota. Sheria ya mwaka 1918 ilimtaka skwota amfanyie mwenye shamba kazi siku zisizopungua 180 kwa mwaka, ili apate ruhusa ya kukaa na kulima kipande chake. Kisha, katika miaka ya 1920, mifugo ya maskwota wengi iliondolewa mashambani kwa nguvu, na tendo hilo wenyewe waliliita kifagio. Ng'ombe na mbuzi walifagiliwa kwa sababu walihitaji malisho. Kuku hahitaji ekari za majani. Huishi kwa kilichoanguka kutoka kinuni na kilichobaki chunguni. Fikiri basi, msomaji, makombo yana thamani gani kwa mtu aliyenyang'anywa malisho.

Lakini makombo si mamoja, na aliyetufundisha hayo ni kuku mwenyewe. Mwaka 1886 serikali ya Uholanzi ilipeleka madaktari katika kisiwa cha Java kutafuta chanzo cha beriberi, maradhi yaliyolegeza miguu ya askari na wafungwa na kuwaua wengi. Walidhani huletwa na vijidudu. Mmoja wao, Christiaan Eijkman, alibaki katika mji wa Batavia, uitwao leo Jakarta, akifuga kuku kwa majaribio yake. Ikatokea kuku wakaanza kupepesuka na kuanguka, wale aliowatia vijidudu na wale asiowatia. Kisha wakapona ghafula. Alipouliza, alipata habari kwamba kwa muda walikuwa wakilishwa mabaki ya wali mweupe wa hospitali ya jeshi. Lakini alikuja mpishi mpya, naye akakataa kutoa wali wa askari kwa kuku wasio askari, ndipo wakarudishiwa mchele usiokobolewa. Dawa ilikuwa katika lile ganda jembamba ambalo kinu huliondoa na watu hulitupa! Eijkman hakuielewa sababu yake sawasawa. Hata hivyo kazi yake ilifungua mlango wa elimu ya vitamini, na mwaka 1929 alipewa Tuzo ya Nobel.

Kwa hiyo, usidharau pumba. Rongai ni nchi ya mahindi na ngano, na pumba zake hazina budi kuwa sehemu ya chakula cha kuku. Mahindi humpa kuku nguvu, lakini hayatoshi kumjengea mwili. Changanya na omena waliokaushwa, au mchwa, au mabuu ya nzi. Taasisi ya utafiti wa wadudu ya Nairobi, icipe, iliyoanzishwa na Profesa Thomas Odhiambo mwaka 1970, imeonyesha kwamba mabuu ya nzi weusi wa aina fulani yaweza kushika nafasi ya samaki katika chakula cha kuku. Mpe majani mabichi kila siku. Kuku atagaye mpe maganda ya mayai yaliyokaushwa motoni na kusagwa, maana humrudishia chokaa aliyoitoa mwilini. Usimpe maharagwe mabichi, wala maganda na kokwa za parachichi, wala mabaki yenye chumvi nyingi.

Sasa nafika kwenye ile hatari niliyoitaja. Wakati wa mavuno mvua ikinyesha, mahindi huota kuvu, nawe utasikia mtu akisema, "Haya hayafai kwa watu, wapeni kuku." Neno hilo lina sura ya uangalifu, kumbe ni kosa kubwa. Mwaka 1960 huko Uingereza bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa. Wachunguzi walipopekua chakula chao, waliona sumu katika karanga zilizosagwa kutoka Brazili. Sumu hiyo, itokayo katika kuvu, ikaitwa aflatoksini. Sisi nasi hatukusalimika. Mwaka 2004, Makueni, Kitui na wilaya jirani, watu 317 waliugua na 125 wakafa baada ya kula mahindi yenye sumu hiyo hiyo. Kuchemsha hakuiondoi. Kuku aweza asife upesi kama bata mzinga, bali hudhoofika na kutaga kidogo, na sumu yaweza kupenya katika ini lake na mayai yake. Ndivyo mahindi uliyoyakataa mezani yanavyorudi mezani kwa mlango wa nyuma.

Basi, msomaji mpenzi, ukirudi nyumbani wakati wa likizo, anika mahindi juu ya turubai, usiyaanike juu ya udongo. Yakishakauka sawasawa, yaweke mahali pasipo unyevu. Na yaliyoota kuvu uyafukie, hata kama moyo utakuuma kwa hasara. Kisha chukua bakuli uite kuku. Walikuja kwetu kwa ajili ya punje njema, na mapatano yale hayajavunjwa upande wao. Usiyavunje wewe.