Somo la Historia: Kinga ya Meno

Ndugu wanafunzi wa Ifakara na bonde zima la Kilombero, somo letu la leo ni la historia, lakini lina faida kwa kila mzazi mwenye kijana anayecheza ngumi au mpira. Tutasoma habari za kinga ya meno, yaani kifuniko ambacho mchezaji huvaa kinywani. Mwalimu, andika ubaoni maneno matatu: utomvu, ufizi, taya.

Tuanze hapa kwetu. Wazee wa bonde hili waliujua mpira kabla ya kuuona ukichezwa uwanjani. Mpira lilikuwa jina la mmea utambaao porini, na la utomvu wake pia. Wakati wa utawala wa Wajerumani, watu wa Mahenge na wa bondeni waligema utomvu huo, wakaugandisha, wakauuza. Mwaka 1913 bei ilianguka, kwa sababu mashamba makubwa ya Asia yalikuwa yakitoa mpira mwingi kwa gharama ndogo.

Huko Asia kulikuwa na utomvu mwingine, uitwao gutapecha. Ukitiwa katika maji ya moto hulainika. Ukipoa hushika umbo uliloupa. Karibu na mwaka 1890, daktari wa meno wa London, Woolf Krause, aliwawekea mabondia vipande vya gutapecha juu ya meno, ili midomo yao isipasuliwe na meno yao wenyewe. Baadaye kinga ilitengenezwa kwa mpira. Ted Lewis, aliyetwaa ubingwa wa dunia mwaka 1915, alikuwa miongoni mwa mabondia wa kwanza kuivaa ulingoni. Wapinzani wake walinung'unika, wakisema si haki.

Mwaka 1927, mjini New York, Mike McTigue alipigana na Jack Sharkey. Jino la McTigue lilivunjika, likamkata mdomo vibaya, pigano likasimamishwa. Tangu hapo manung'uniko yalipungua. Mwaka 1947 Rodney Lilyquist, daktari wa meno wa Los Angeles, alitengeneza kinga nyembamba ya plastiki kwa kufuata umbo la meno ya mchezaji mwenyewe.

Ngumi si mchezo mgeni nchini kwetu. Mwaka 1970 Titus Simba aliipatia Tanzania medali ya fedha katika Michezo ya Jumuiya ya Madola, mjini Edinburgh. Basi historia hii inatufundisha nini? Kinga njema ni ile inayolingana na kinywa cha anayeivaa.

Siku hizi ziko kinga za aina tatu. Ya kwanza huuzwa tayari. Ni rahisi, lakini humlazimu mtu kuibana kwa meno ili isianguke, na kupumua huwa taabu. Ya pili hulainishwa kwa maji ya moto, kisha mtu huiuma ili ishike umbo la meno yake, kama ile gutapecha ya zamani. Ya tatu hutengenezwa na daktari wa meno baada ya kuchukua umbo la taya. Hiyo hukaa vizuri kuliko zote, ila bei yake ni kubwa. Asiyeiweza achague ya pili, aiumbe kwa uangalifu.

Ijaribuni hivi. Fungua kinywa: je, inabaki juu? Sema jina lako: je, unasikika? Vuta pumzi: je, unapumua bila shida? Pitisha ulimi: je, inachoma ufizi? Ikishindwa, msiinunue. Mtoto anayekua apimwe tena, maana taya lake hubadilika. Wala wawili wasivae kinga moja.

Kumbukeni, kinga hulinda meno na midomo. Haimpi mtu ruhusa ya kupigwa kichwani. Lakini jino la mtu mzima likitoka, halioti jingine.

Maswali ya kuzungumza darasani:
1. Kwa nini gutapecha ilifaa kwa kinga ya meno?
2. Kwa nini kinga ya kaka haimfai mdogo wake?