Meza Ndani ya Kioo

Kompyuta za mezani zilipoingia maofisini, ziliwageuza mahodari wengi kuwa wanagenzi kwa siku moja. Karani aliyejua mahali pa kila faili kabatini alikosa la kufanya mbele ya kioo cheusi kilichongoja amri. Katika mfumo endeshi wa MS-DOS, uliotoka mwaka 1981, ilimpasa akariri maneno: DIR ili aone orodha ya mafaili, COPY ili anakili, DEL ili afute. Herufi moja ikikosewa, amri hukataliwa. Jina la faili likikosewa, kazi ya mwezi mzima huweza kutoweka. Basi elimu yake ilianzia katika hofu, na mwenye hofu hathubutu kujaribu.

Dawa ya hofu hiyo ilikuwa imekwisha kutafutwa. Tarehe 9 Desemba 1968, mjini San Francisco, Douglas Engelbart aliwaonyesha wataalamu kifaa kidogo cha mkononi kilichoitwa panya, chenye kuongoza alama katika kioo. Mwaka 1981 kampuni ya Xerox ikatoa mashine iitwayo Star, ambayo kioo chake kilifanana na meza ya ofisi: palikuwa na picha za karatasi, za majalada na za vikapu vya barua. Mwanafunzi hakulazimika tena kukariri kila amri, alitazama, akaonyesha. Bei yake, iliyozidi dola 16,000, iliiweka mbali na watu wengi. Lisa ya mwaka 1983 na Macintosh ya mwaka 1984, zote za kampuni ya Apple, zilifuata njia ile ile, na Macintosh ikaletwa pamoja na kanda ya sauti ya kumfundisha mnunuzi. Windows 3.0, ya mwaka 1990, ikaja na mchezo wa karata: aliyedhani anacheza alikuwa akiuzoeza mkono wake kubonyeza na kukokota.

Lakini ubora wa meza ile haukuwa katika picha peke yake. Lisa na Macintosh ziliweka juu yake pipa la taka. Kilichotupwa humo kiliweza kuokotwa kabla pipa halijamwagwa, na kosa likawa jambo la kusameheka. Hapo ndipo mwanafunzi alipopata ujasiri wa kujaribu, na kujaribu ndiko kujifunza.

Hata hivyo picha huhitaji jina, na kwa msemaji wa Kiswahili jina lilikuwa la kigeni. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, programu za kazi za ofisi kwa Kiswahili. Kazi ya namna hiyo si kubadilisha neno kwa neno. Neno la Kiingereza la kuweka kazi akibani lina maana ya kuokoa pia. Lau mfasiri angeandika “okoa”, mwanafunzi angeuliza ni nani anayezama. “Hifadhi” humweleza tendo lenyewe. “Futa”, kwa upande wake, humkumbusha ubao, ambao maandishi yake yakifutwa hayarudi, ilhali cha pipani hurudi. Neno hilo humrejeshea hofu ya kale pasipo sababu. “Tupa” lingemwambia kweli.

Basi mwenye kuchagua jina la amri ni mwalimu kabla ya mwalimu. Akichagua vema, mgeni wa mashine huielewa kwa akili aliyokuja nayo; akichagua vibaya, hurudi kukariri, kama karani wa kioo cheusi.